Mbwa wa Jirani Anatosha

Kuna mbwa ambao familia nyingi za mijini Marekani huwashindwa. Hawatulii. Wanatafuna viti, wanaruka uzio, wanaukimbilia mpira kutwa nzima, na mpira ukifichwa wanakesha mbele ya kabati ulimofichwa. Mbwa wa namna hiyo hupelekwa kwenye kituo cha kuhifadhi wanyama, akachukuliwa na familia nyingine, kisha akarudishwa baada ya wiki chache. Vituo vikijaa, yeye ni miongoni mwa wanaofikiriwa kwanza kuuawa kwa sindano.

Shirika la Working Dogs for Conservation la jimbo la Montana limejenga kazi yake juu ya mbwa hao hao. Watu wake huzunguka vituoni wakitafuta yule aliyeshindikana, mwenye uchu wa mpira usiokatika. Uchu huo ndio mtaji. Mbwa hufundishwa kwamba akiipata harufu fulani, mpira utatokea. Kuanzia hapo atanusa lori zima, gunia kwa gunia, akitafuta mchezo wake.

Mwaka 2018 kazi hiyo ilifika mkoani Mara. Taasisi ya Grumeti Fund, inayoshiriki kulinda mapori ya akiba ya Grumeti na Ikorongo upande wa magharibi mwa Hifadhi ya Serengeti, ilishirikiana na shirika hilo kuanzisha kikosi cha mbwa wa kunusa. Walioletwa ni mbwa waliotolewa kwenye vituo vya ng'ambo, wasio na kwao. Leo kazi ya kikosi hicho ni kutafuta pembe za ndovu, magamba ya kakakuona, nyamapori, silaha na risasi, kwenye magari, kwenye nyumba na vichakani. Askari mwenye macho makali anaweza kupekua gari kwa saa nzima na akakikosa kitu kilichofungwa ndani ya nailoni na kuzikwa chini ya dagaa. Mbwa hutumia dakika chache.

Uzito wa kazi hiyo unaeleweka ukijua ukubwa wa ujangili wenyewe. Watafiti Dennis Rentsch na Craig Packer walikadiria kwamba nyumbu wanaouawa kinyume cha sheria katika mfumo wa ikolojia wa Serengeti ni kati ya 98,000 hivi na 140,000 kwa mwaka, wengi wao kwa mitego ya waya. Dhidi ya balaa hilo wamesimamishwa wanyama ambao huko walikotoka hawakuwa na thamani hata ya chakula chao cha wiki.

Habari hii inapaswa kusomwa sana Musoma, Bunda na Butiama, kwa sababu hapa mambo yanakwenda kinyume. Wakati mbwa waliokataliwa ng'ambo wanalinda wanyama wa Mara, mkazi wa Mara aliyepata fedha kidogo na kujenga nyumba yenye geti anaanza kuulizia mbwa wa kizungu.

Biashara ya watoto wa mbwa huku haihitaji duka lenye kioo mbele. Inafanyika kwenye simu. Picha ya kitoto cha German Shepherd au Rottweiler inawekwa kwenye status, mnunuzi anatuma fedha, na kitoto kinasafiri na basi ndani ya boksi lililotobolewa matundu. Bei ni laki kadhaa, na mnunuzi hana nafasi ya kumwona mama aliyekizaa. Hajui mama huyo amezaa mara ngapi, anakula nini, wala kama aliyezaa naye ni ndugu yake. Hajui kama kitoto kilipata chanjo ya parvo, ugonjwa wa kuhara damu unaoweza kuua watoto wa mbwa kwa siku chache. Anachokijua ni picha.

Nchi zilizoanza biashara hii mapema zimeshaona mwisho wake, na sheria zao zinasema waziwazi. Uingereza mwaka 2013 aliokolewa jike mmoja wa jamii ya Cavalier King Charles, jina lake Lucy, kutoka kwenye shamba la kuzalisha mbwa huko Wales. Alikuwa amezalishwa mfululizo ndani ya kizimba hadi mwili ukaharibika. Aprili 2020 ilianza kutumika England sheria inayoitwa kwa jina lake: anayetaka mtoto wa mbwa wa chini ya miezi sita amnunue kwa mfugaji mwenyewe, amwone akiwa na mama yake, la sivyo amchukue kwenye kituo cha waliookolewa. Madukani hawauzwi tena. California ilikuwa imetangulia Januari 2019, ikayataka maduka yapokee mbwa kutoka vituoni tu. Ufaransa ilipitisha sheria mwaka 2021, na tangu Januari 2024 duka la wanyama haliruhusiwi kuuza mbwa wala paka.

Mara haina sababu ya kupita njia yote hiyo ndipo ijifunze. Inao mbwa wake tayari, na ni wengi.

Tatizo ni jina walilopewa. Huitwa mbwa koko, na kwa neno hilo watu humaanisha mbwa asiye na mwenyewe, mla jalala, mchafu. Wataalamu waliokaa na mbwa hao wameona picha nyingine. Kati ya 2010 na 2013 timu iliyoongozwa na Anna Czupryna ilifuatilia zaidi ya mbwa 2,600, mmoja mmoja, katika vijiji 6 jirani na Hifadhi ya Serengeti. Walikuwa wakizurura, ndiyo, lakini walikuwa na wenyewe. Mbwa anayeonekana asubuhi akinusanusa soko la Bunda huenda ana boma lake, ana watoto wanaomjua kwa jina, na jioni atarudi kulala kando ya zizi.

Si mbwa wa hovyo kwa damu pia. Mwaka 2009 Adam Boyko na wenzake walichapisha uchunguzi wa vinasaba vya mbwa wa vijijini kutoka Misri, Uganda na Namibia. Wale wa Uganda, ng'ambo ya Ziwa Victoria tu kutoka Musoma, walionekana kuwa na asili ya Afrika karibu yote, si machotara wa mbwa walioletwa na wakoloni kama wengi walivyodhani. Ni uzao ulioishi na watu wa ukanda huu kizazi baada ya kizazi, ukichujwa na kupe, njaa, jua na chui. Masikio yaliyosimama, manyoya mafupi, miguu mirefu, tumbo lililobanwa: mwili huo umetengenezwa na mahali hapa.

Faida yake huonekana mvua zikinyesha. Ukanda wa magharibi wa Serengeti una mbung'o, na vimelea wanaowaambukiza ng'ombe nagana huwaua mbwa pia, hasa wageni. Kupe huleta homa zake. Mbwa mwenye manyoya mazito aliyezaliwa na wazazi kutoka nchi za baridi huhema kutwa chini ya bati, huhitaji dawa za kupe bila kukosa, na chakula chake si ukoko wa ugali na vichwa vya dagaa. Mwenye fedha anaweza kumtunza, na wapo wanaomtunza vizuri. Lakini wengi huishia kumfunga mnyororo mfupi nyuma ya nyumba, kwa imani kwamba mbwa asiyeona watu ndiye atakayekuwa mkali. Mnyama aliyegharimu mshahara wa mwezi anaishi maisha mabaya kuliko koko wa jirani.

Desturi ya kumpata mbwa bila kununua ipo Mara tangu zamani, na ni nzuri. Mbwa wa jirani akizaa, unakwenda unabisha hodi, unapewa. Pengine unaacha kuku au sukari kidogo, pengine huachi kitu. Unamwona mama, unamwona baba akipita njiani, unajua tabia ya ukoo mzima. Ukimpata mgonjwa unarudi kuuliza. Masharti yale yale ambayo England ilihitaji sheria ya bunge kuyapata, kijiji cha Butiama kimekuwa nayo bure.

Desturi hiyo ina doa moja, na ni doa kubwa. Watu wanachagua madume. Katika vijiji vilivyofuatiliwa kando ya Serengeti, kama ilivyo sehemu nyingine nyingi za Afrika, madume walikuwa wengi kuliko majike, ingawa kuzaliwa huzaliwa karibu sawa kwa sawa. Hesabu hiyo haihitaji mtaalamu kuieleza. Kila anayeogopa kuzaliwa watoto wengi hukataa jike, na jike asiyetakiwa huachwa porini, hutupwa pembezoni mwa barabara au hunyimwa chakula hadi afe. Ikiwa kuna mbwa wa kuokolewa Musoma leo, hayumo kwenye kituo akisubiri fomu ijazwe. Ni kitoto cha kike cha wiki 6 kwenye mtaro wa Nyasho au Bweri, ambacho hakuna aliyekitaka.

Anayetaka kuasili mbwa aanzie hapo. Jike analinda nyumba sawa na dume, hazururi sana kutafuta ugomvi, na wasiwasi wa mimba unamalizwa na daktari wa mifugo kwa kumfunga kizazi. Ni upasuaji wa kawaida. Huduma hiyo bado ni adimu nje ya miji, na hapo ndipo halmashauri zetu zingeweza kuweka fedha kidogo zikaokoa nyingi. Mimba ya mbwa huchukua siku 63 hivi, na jike mmoja anaweza kuzaa mara mbili kwa mwaka.

Vituo vya kuokoa mbwa vipo Afrika Mashariki, ila viko mbali na Ziwa. Nairobi kuna chama cha KSPCA kilichoanza mwaka 1910, ambacho hutoa mbwa wenye chanjo kwa watu waliokwisha kuhojiwa namna watakavyowatunza. Upande wa Arusha wapo Mbwa wa Africa, na Dar es Salaam chama cha TAWESO kimetetea wanyama kwa miaka mingi. Tanzania inayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama, Namba 19 ya mwaka 2008, ambayo inakataza kumtesa mnyama na kumwacha bila matunzo. Kwa hiyo kumtupa mbwa njiani si tabia mbaya tu. Ni kosa.

Lakini kinachofanya Mara iwe mahali pa pekee katika habari ya mbwa ni simba.

Mwaka 1994 simba wa Serengeti walianza kuanguka na kutetemeka, wakifa mmoja baada ya mwingine. Kabla ugonjwa haujapoa, karibu theluthi moja ya simba wa hifadhi, takriban 1,000, walikuwa wamekufa. Mkosaji alikuwa distempa, ugonjwa wa mbwa. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 1996 ulielekeza kidole kwenye mbwa wa vijiji vinavyoizunguka hifadhi. Ghafla mbwa ambaye hakuna mtalii aliyewahi kumpiga picha akawa jambo la kitaifa.

Jibu rahisi lingekuwa kuwaua mbwa hao. Jibu lililochaguliwa lilikuwa chanjo. Tangu nusu ya pili ya miaka ya 1990, kisha kwa upana zaidi kuanzia 2003, timu za Serengeti zikiwamo za mtaalamu Sarah Cleaveland zimekuwa zikizunguka vijijini kuchanja mbwa dhidi ya kichaa, distempa na parvo. Matokeo yameelezwa kwa uaminifu: uchambuzi wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba chanjo ilipunguza maambukizi kutoka kwa mbwa, ila distempa haikutoweka kwa simba, kwa kuwa eneo ni pana na wanyama wengine wanaoibeba ni wengi. Kwa upande wa binadamu, hata hivyo, faida haina mjadala.

Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili, karibu kila mgonjwa hufa. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2015 yaliweka vifo duniani kuwa 59,000 kwa mwaka, na sehemu kubwa ni Afrika na Asia, wengi wakiwa watoto. Katika vijiji vya Mara watoto ndio wanaotembea na mbwa machungani, ndio wanaowapa chakula, na ndio wanaowavuta kwa kamba siku ya chanjo. Aliyeng'atwa anapaswa kuosha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha kwenda kituo cha afya siku hiyo hiyo kwa sindano. Familia nyingi hupoteza siku mbili tatu zikitafuta nauli na mahali penye dawa.

Wilaya ya Serengeti imekuwa darasa la dunia kwa ugonjwa huu. Katie Hampson na wenzake walifuatilia kila tukio la kung'atwa, nyumba kwa nyumba, wakiuliza mbwa alitoka wapi na alikwenda kumng'ata nani. Walichokuta kinatia moyo: mbwa mmoja mwenye kichaa huambukiza kwa wastani mbwa mwingine zaidi kidogo ya mmoja. Ugonjwa unaotisha kiasi hicho husambaa kwa shida kuliko surua. Ndiyo maana ukichanja mbwa 70 katika kila 100 unaweza kuukata. Na Dk. Magai Kaare, Mtanzania aliyefanya kazi hiyo vijijini, aliongoza utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ukionyesha kwamba katika vijiji vya wakulima na wafugaji kama vya wilaya hiyo, kuweka kituo kimoja cha chanjo na kuwatangazia watu kulitosha kufikia kiwango hicho. Watu walileta mbwa wao. Mbwa asiye na mwenyewe asingeletwa.

Kikwazo kilichobaki ni jokofu. Chanjo hutakiwa kukaa kwenye nyuzijoto 2 hadi 8, na zahanati nyingi hazina nafasi ya chanjo za mifugo. Watafiti, miongoni mwao Felix Lankester na Ahmed Lugelo, waliipima chanjo ya kichaa inayotumika sana wakakuta inabaki na nguvu ikikaa miezi 6 kwenye nyuzijoto 25, au miezi 3 kwenye nyuzijoto 30. Ndipo ukabuniwa mtungi wa udongo uitwao Zeepot, unaopoozwa na maji yanayovukiza, unaotengenezwa kwa vifaa vya hapa hapa. Mpango wa kuiacha chanjo ndani ya mitungi hiyo kijijini, ili ichomwe mwaka mzima na watu wa kijiji waliofunzwa badala ya kungoja gari la mara moja kwa mwaka, umejaribiwa katika mkoa huu wa Mara. Mtungi wa mfinyanzi umeingia kwenye sayansi ya kisasa, na ni fahari ya mkoa isiyosemwa vya kutosha.

Kuua mbwa kumejaribiwa kwingine kwa ukatili usiosahaulika. Kisiwa cha Flores, Indonesia, kilipopata kichaa mwishoni mwa miaka ya 1990, karibu nusu ya mbwa wote waliuawa. Kichaa kilibaki. Watu waliopenda mbwa wao waliwaficha na kuwahamisha, ugonjwa ukahama nao, na waliopoteza wao walileta watoto wapya wasio na chanjo. Hilo la mwisho limeonekana kando ya Serengeti pia: nafasi ya mbwa aliyekufa hujazwa upesi na mwingine, hata kutoka kijiji cha pili. Mbwa aliyechanjwa akipigwa risasi na mgambo, kijiji kimepoteza kinga kikapata pengo.

Kwa hiyo mtu wa Bunda anayekwenda kumchukua mtoto wa mbwa kwa jirani hafanyi jambo dogo la nyumbani kwake tu. Akimchanja, anamtoa mbwa mmoja kwenye kundi la wasio na chanjo na kumwingiza kwenye lile la 70. Atakayenunua wa kwake kwa simu kutoka Dar es Salaam anaongeza mbwa mkoani ilhali wa hapa wanakufa mtaroni.

Namna ya kumchukua si ngumu. Asitolewe kwa mama kabla ya wiki 8. Anayetolewa mapema hukosa maziwa na hukosa pia mafunzo ya kuuma kwa kiasi, ambayo mama na ndugu zake humpa wanapocheza. Aangaliwe macho, masikio, tumbo kama limejaa minyoo, na mkia kama unachezeshwa akisogelewa na mtu asiyemjua. Apewe dawa ya minyoo wiki ya kwanza nyumbani. Afungwe usiku tu kama ni lazima, kwa kamba ndefu, na mchana awe huru ndani ya uzio ajifunze nani ni wa nyumbani.

Kisha chanjo. Wengi humwacha nyumbani mtoto wa mbwa wa chini ya miezi mitatu kwa kudhani hajafika umri, na watoto hao ni sehemu kubwa ya waliokosa kinga, kwa kuwa mbwa wa vijijini huzaliana na kufa haraka. Uchunguzi uliohusisha watoto wa mbwa wa Tanzania na Afrika Kusini ulionyesha kwamba miili yao huitikia chanjo ya kichaa hata wakiwa wadogo, na Shirika la Afya Duniani linashauri wachanjwe wakati wa kampeni pamoja na wakubwa, kisha warudiwe mwaka unaofuata. Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani ni Septemba 28, na maeneo mengi hupanga kampeni zao karibu na tarehe hiyo. Anayetaka mapema zaidi amuulize afisa mifugo wa kata yake, iwe Mukendo, Kunzugu au Butiama, ni lini chanjo itafika, na akienda ambebe kitoto chake ndani ya kikapu.